Mfarishi wa Vitenge: Mwongozo Kamili wa Kushona Nyumbani Siku za Baridi

Mwishoni mwa Desemba hapa Minneapolis, Marekani, jua hutoka karibu saa mbili asubuhi, na karibu saa kumi na nusu jioni linazama. Kuna siku ambazo hata kupeleka takataka nje unaona uvivu, achilia mbali kwenda matembezi. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki siku hizo tunazimalizia kwenye simu. Mimi nazimalizia kwenye mfarishi, ama kwilti kama watoto wetu wanavyouita: juu viraka vya vitenge, katikati pamba, chini bitana, na safu zote tatu zimeshikwa kwa mshono unaotokea upande wa pili. Aliye Njombe au Limuru mwezi wa Julai naye anaweza kuufuata mwongozo huu bila kubadilisha kitu.

Nauandika kwa mtu aliyewahi kukalia cherehani lakini hajawahi kushona mfarishi. Vipimo ni vya sentimita 120 kwa 150, ukubwa unaomtosha mtu mzima kujifunika akiwa kwenye kochi. Usianze na wa kitanda kikubwa. Viraka vyake si vigumu zaidi, ila kuupitisha mzigo wote ule chini ya shingo ya cherehani ya nyumbani ni kazi ya kuvunja mabega, na watu wengi huishia hapo.

Kabla ya yote, gawa kazi kwa mwanga. Kuchagua rangi na kukata ni kazi za mchana, karibu na dirisha. Taa ya njano hudanganya: bluu iliyokoza huonekana nyeusi, zambarau huonekana kahawia, na asubuhi unakuta umepanga kitu usichokikusudia. Mishono iliyonyooka, pasi na kazi ya mkono ziache za usiku.

Vitambaa

Huhitaji kununua vipya. Gauni la kitenge lililobana, shati la mume lililochakaa kola, vipande vilivyobaki kwa fundi, vyote vinafaa mradi ni pamba. Ukienda nyumbani likizo, pita kwa fundi wako umwombe mabaki. Wengi huyatupa au huyauza kwa bei ya kutupa. Na ukipata nafasi ya kununua, Mtaa wa Uhuru Dar es Salaam au Biashara Street Mombasa utapata kitenge na doti ya kanga kwa ajili ya bitana.

Shida ni kwamba siku hizi vitenge vingi ni poliesta tupu, na muuzaji atakuapia ni pamba. Chomoa nyuzi chache pembeni, zishike kwa kibanio, ziwashe juu ya sinki. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi na kuacha majivu laini yanayopukutika. Poliesta huyeyuka na kuacha kijidonge cheusi kigumu. Si kwamba poliesta haishoneki, lakini haikunjiki vizuri kwa pasi, na ukiichanganya na pamba mishono hujikunja baada ya kufuliwa.

Kisha fua kila kitu kabla ya kukata. Hatua hii ndiyo watu wanayoiruka, na ndiyo inayoharibu mifarishi mingi ya vitenge na kanga. Kitambaa kipya kina dondo, na dondo ikitoka kitambaa husinyaa. Kimoja zaidi, kingine kidogo. Pili, nyekundu na bluu iliyokoza huchuja. Kata ncha za pembe za kitambaa kidogo ili zisifumuke nyuzi, loweka kila rangi peke yake kwenye maji baridi, suuza mpaka maji yawe meupe. Halafu fanya jaribio: sugua kitambaa kibichi kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikiacha doa, rudia kukifua. Kikiacha doa tena baada ya hapo, kitafutie kazi nyingine. Usikiweke jirani na kiraka cheupe kwa kutumaini heri.

Piga pasi kila kitambaa kingali na unyevunyevu, na kiko tayari.

Vifaa

Cherehani yoyote inayoshona mshono ulionyooka inatosha, hata ile ya kukanyaga. Kama huna, angalia maktaba: maktaba nyingi za umma Marekani na Kanada zina chumba cha ufundi chenye cherehani za kutumia bure. Ongeza sindano mpya za namba 80 za kuunganishia viraka na namba 90 za kupitisha safu tatu, uzi wa pamba, pini za kawaida, pini za nepi kama mia na hamsini, kidude cha kufumulia, na pasi.

Kitu kimoja kinachostahili pesa ni kisu cha kukatia cha gurudumu, pamoja na rula pana ya plastiki na ubao wake wa kukatia. Mkasi unaweza kufanya kazi hiyo hiyo, lakini kila mkato wa mkasi hukinyanyua kitambaa kidogo, na miraba themanini yenye makosa ya milimita mbili mbili haitakutana pembe. Kisu hiki ni kikali kuliko kinavyoonekana. Kifunge kila unapokiweka chini, hata kwa sekunde tano, hasa siku ambazo shule zimefungwa kwa baridi na watoto wako nyumbani wanapita huku na huku.

Pamba ya katikati huuzwa imekunjwa kwenye pakiti. Ya pamba halisi hulala vizuri na husinyaa kidogo ikifuliwa, kiasi cha asilimia 3 hadi 5, ndiyo maana mifarishi ya zamani ina mikunjokunjo ile inayopendeza. Ya poliesta ni nyepesi na ya bei nafuu. Ya sufu ina joto kuliko zote, ila bei yake si ya mtu anayejifunza. Hali ikiwa ngumu kabisa, blanketi jembamba lililochakaa linafanya kazi ya pamba bila malalamiko.

Kukata

Tunahitaji miraba 80, minane kwa upana na kumi kwa urefu. Kila mmoja ukatwe sentimita 16.5 kwa 16.5. Sentimita 0.75 kila upande itamezwa na mshono, ibaki 15.

Kitenge huwa na upana wa kama sentimita 115, kwa hiyo ukanda mmoja wa sentimita 16.5 hutoa miraba sita, na yadi moja hutoa miraba 30. Ushauri wangu: miraba 40 iwe ya vitenge na 40 ya kitambaa cha rangi moja. Kitenge kina maua makubwa na rangi zinazopiga kelele. Ukivipanga vyote pamoja bila pumziko jicho halijui litue wapi. Shuka kuukuu la pamba kutoka duka la mitumba linatoa miraba yote ya rangi moja na linabaki.

Lingine kuhusu kitenge: usikikate vidogo. Miongozo mingi ya kizungu inataka miraba ya sentimita sita au saba, na kwa vitambaa vyao vya maua madogo inafaa. Kitenge chenye ndege mwenye ukubwa wa sahani ukikikata hivyo unabaki na vipande vya mbawa visivyoeleweka. Ndiyo sababu ya kuchagua 15.

Fuata uzi wa kitambaa, yaani mkato uende sambamba na mtande au mshindio. Kipande kilichokatwa mshazari huvutika, na mraba huwa pembe zimekwenda upande. Chapa ya kitenge mara nyingi haiko sawa na uzi wake, hivyo usijipime kwa maua. Jipime kwa ukingo uliofumwa kiwandani.

Kupanga

Tandaza shuka sakafuni mchana na upange miraba yote juu yake, kitenge, rangi moja, kitenge, rangi moja. Rudi nyuma utazame. Kisha ipige picha kwa simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe: utaona papo hapo mahali ambapo miraba iliyokoza imejazana upande mmoja. Badilisha, piga tena. Hapa usiwe na haraka, ndiyo sehemu tamu ya kazi nzima.

Na usitafute mpangilio wa kiwandani. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Waamerika Weusi kilichomo ndani ya kona ya Mto Alabama, walishona mifarishi kwa jinzi na mashati ya kazi yaliyochakaa mashambani, kwa sababu nyumba zao zilikuwa na baridi na pesa ya kununua kitambaa haikuwepo. Mistari yao imepinda, magoti yaliyopauka ya suruali yanaonekana wazi. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa kwenye kuta za jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, na mwaka 2006 ikatiwa kwenye stempu za posta za Marekani. Basi kiraka chako kikitoka kidogo nje ya mstari, endelea na kazi.

Ukiridhika, kusanya kila safu kuanzia kushoto na uitie karatasi ya namba, 1 hadi 10. Picha ya simu ihifadhi. Paka au mtoto akipita utaihitaji.

Kuunganisha viraka

Jaribu kwanza kwa mabaki. Shona vipande vitatu mfululizo kwa mshono wa sentimita 0.75, upana unaolingana na mguu wa kawaida wa cherehani nyingi, piga pasi, kisha pima cha katikati. Kikiwa 15 kamili, endelea. Kikiwa 14.7 mshono wako ni mpana. Sogeza sindano au bandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani kama alama. Milimita tatu zikizidishwa mara nane ni karibu sentimita mbili na nusu zilizopotea.

Weka miraba miwili uso kwa uso, shona, na bila kukata uzi ingiza miwili mingine. Inatoka upande wa pili imefuatana kama shanga. Ukimaliza, kata nyuzi za katikati na uunganishe jozi kwa jozi mpaka safu ya miraba minane ikamilike.

Sasa pasi, ambayo ni nusu ya ufundi wenyewe. Safu zenye namba witiri, mishono yote ilalie kulia. Safu zenye namba shufwa, ilalie kushoto. Ukiweka safu mbili uso kwa uso, mishono itakutana ikiwa imelalia pande tofauti, na utaisikia kwa kidole ikiingiana na kukwama. Hapo ndipo unapotia pini. Usiburute pasi kama unanyoosha suruali. Ibonyeze, inyanyue, isogeze. Kuburuta kunavuta kitambaa.

Unganisha safu kumi, piga pasi mara ya mwisho, na uso wa mfarishi umekamilika.

Bitana na safu tatu

Bitana ikatwe sentimita 140 kwa 170, kubwa kuliko uso kwa sentimita kama 10 kila upande, na pamba hivyo hivyo. Doti ya kanga inatosha bila kuongeza kitu: kila kanga ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa 100, na ukiziunganisha kwa upande mrefu unapata 150 kwa karibu 200. Ziada ya urefu ipunguze juu, usiguse chini, maana chini ndipo lilipo jina la kanga. Unapotandaza, upande huo acha ziada ya sentimita tano tu, ili kukata ukingo kusije kukafyeka maneno. Asubuhi mtu akigeuza mfarishi akakuta pale chini "Haba na haba hujaza kibaba," ni raha ya peke yake.

Tandaza bitana sakafuni, uso uangalie chini. Ishike kwa utepe wa karatasi wenye gundi pande zote. Iwe imenyooka lakini isivutwe. Juu yake pamba, uipapase kutoka katikati kwenda nje. Juu ya pamba, uso wa vitenge ukikutazama. Kisha tia pini za nepi kila baada ya upana wa kiganja, ukianzia katikati. Ukipenda, piga bandi ndefu kwa mkono badala ya pini. Magoti yatalalamika, weka mto.

Huku ndani hewa ya hita ni kavu na mikono hupasuka, na ngozi iliyopasuka hukwaruza kitambaa na kunasa uzi. Paka mafuta mapema, yaachie nusu saa yaingie, kisha unawe viganja kabla ya kugusa kazi.

Kupitisha mshono

Badilisha sindano iwe namba 90, refusha mshono uwe milimita 3. Kama cherehani yako inakubali mguu wenye meno ya juu, unaovuta safu ya juu na ya chini kwa pamoja, uazime au uununue. Bila huo, legeza mgandamizo wa mguu na uende polepole.

Kwa mara ya kwanza shona mistari ya mshazari, kutoka pembe ya mraba hadi pembe ya mraba unaofuata. Huhitaji kuchora, pembe zenyewe ndizo alama. Umbali kati ya mstari na mstari unakuwa kama sentimita 10.6. Soma pakiti ya pamba: imeandikwa umbali wa mwisho unaoruhusiwa. Ukiuzidisha, pamba huhama na kujikusanya uvimbe baada ya kufuliwa.

Anza na mstari wa katikati, kisha nenda nje upande mmoja, geuza, nenda nje upande wa pili. Ukianzia pembeni, kitambaa cha ziada kinasukumwa katikati na kufanya mkunjo usiofutika. Upande ulio ndani ya shingo ya cherehani uviringishe. Ulio nje uweke juu ya meza au ubao wa pasi, usining'inie, kwa sababu uzito wake unavuta sindano na kuivunja. Ondoa pini kabla hujaifikia. Kila mistari mitatu minne, geuza utazame bitana. Ukiona mkunjo, fumua papo hapo. Ukisema utarudi baadaye, hutarudi.

Ukingo

Punguza bitana na pamba zilingane na uso, kwa rula. Kata kanda sita za upana wa sentimita 6.5 kutoka kitenge chenye rangi iliyokoza, maana ukingo ndio unaoshikwa na kuchafuka kwanza. Mzunguko ni sentimita 540. Kanda sita zinatosha na kubaki. Ziunganishe ncha kwa mshazari ili unene usikusanyike mahali pamoja, zikunje katikati kwa urefu, piga pasi.

Anza katikati ya upande mmoja, ncha ya kwanza ukiiacha huru kama sentimita 20. Kingo zisizokunjwa za utepe huo zikae sawa na ukingo wa mfarishi, upande wa uso. Shona kwa sentimita 0.75. Ukikaribia pembe, simama sentimita 0.75 kabla ya mwisho, rudisha mshono kidogo, toa kazi kwenye cherehani. Nyanyua utepe uende juu moja kwa moja, utaona umejikunja mshazari. Uukunje tena ushuke sambamba na upande unaofuata, na uanze kushona kutoka ukingoni kabisa. Ukijaribu kwa karatasi kwanza utaelewa haraka kuliko kwa maelezo yangu. Ukirudi ulikoanzia, kunja ncha ya kwanza ndani na uitumbukize ya pili humo.

Mwishowe geuza utepe upande wa bitana na uushone kwa mkono, mishono midogo inayojificha, subana kidoleni. Hii ni kazi ya jioni mbili au tatu, na ndiyo pekee inayofanyika ukiwa tayari umejifunika mfarishi wenyewe.

Asiye na cherehani

Wasidi wa Karnataka, India, ambao wahenga wao wengi walitoka Afrika na kuvuka Bahari ya Hindi, hushona mfarishi uitwao kawandi kwa sindano na uzi tu. Hawatengenezi uso kwanza. Wanatandaza bitana, mara nyingi sari kuukuu, na kuanza pembeni: kiraka kinakunjwa kingo ndani na kushonwa moja kwa moja kwa mshono wa kawaida wa sindano juu na chini. Kinafuata cha pili kikikilalia cha kwanza kidogo, cha tatu, wakizunguka ukingo mzima, kisha mzunguko wa ndani yake, mpaka wakutane katikati. Mistari ya mshono hufuatana kwa karibu, chini ya upana wa kidole, kwa hiyo kuunganisha viraka na kushikilia safu vinakuwa kitendo kimoja. Mwishoni, pembe nne hutiwa vijipembe vya kitambaa vilivyokunjwa, na bila hivyo hausemwi kuwa umekamilika.

Kwa mikono yetu, shuka la pamba liwe bitana na kanga kuukuu zikatwe viraka vya ukubwa wowote. Hakuna rula wala hesabu. Anza na mdogo wa mtoto mchanga, sentimita 80 kwa 100. Ukitaka uwe mzito, laza blanketi jembamba juu ya bitana kabla ya kiraka cha kwanza. Mimi huwa nawashauri wenye watoto wa miaka minane na kuendelea waanze na njia hii: mtoto mmoja anashika pembe yake, mama pembe nyingine, na sindano zinahesabiwa kabla na baada ya kazi.

Mabaki na kufua

Vipande vilivyobaki vinatosha vishikio vya sufuria, ila humo tia pamba halisi safu mbili, kamwe si poliesta, kwa sababu poliesta huyeyuka kwenye moto. Watoto wadogo wape gundi na karatasi ngumu.

Kabla ya kumpa mtu, shona kwenye pembe ya bitana kipande cha kitambaa cheupe chenye jina lako, mji na mwaka, kwa uzi au kalamu isiyofutika.

Fua kwa maji baridi, na mara ya kwanza tia karatasi mbili za kunasa rangi kwenye mashine, hata kama uliloweka kila kitu. Kaushia kwa joto la chini au tandaza juu ya kamba mbili ili uzito ugawanyike. Usiuanike juu ya hita ya umeme. Hauhitaji pasi. Msimu wa joto ukifika, usiufungie kwenye mfuko wa plastiki, unyevu huleta ukungu. Utie ndani ya foronya ya pamba, na kila baada ya miezi michache uukunje upya mahali pengine, mikunjo isije ikakata nyuzi.